Jiwe la Nakuru Lina Bei Mbili

Anayejenga Nakuru huanza na swali moja: futi ya jiwe ni pesa ngapi? Muuzaji hulijibu upesi, maana kwake ni swali rahisi. Lakini bei anayotaja ni ya machimboni. Jiwe lina bei ya pili ambayo haionekani mpaka ukuta usimame: nauli ya lori, saruji na mchanga wa kuliunganisha, plasta ya kulifunika, na ukarabati wa miaka ya mbele iwapo litaanza kubanduka. Ukiyapanga mawe kwa bei ya kwanza utapata orodha moja. Ukiyapanga kwa bei ya pili, orodha hiyo mara nyingi hupinduka. Kinachoipindua ni namna kila jiwe lilivyoundwa, na hilo unaweza kulisoma kwa macho na mikono kabla hujatoa hata shilingi.

Shuleni tulifundishwa kuigawa miamba katika mafungu matatu: ya moto, ya mashapo, na ile iliyogeuzwa kwa joto na shinikizo. Miamba ya mashapo nayo ina matawi yake. Tawi la kwanza ni la vipande. Mwamba wa kale unavunjwavunjwa na jua na mvua, mito inabeba chembe zake, zinatua mahali penye utulivu, zinalundikana, zinabanwa na uzito wa tabaka za juu, kisha maji yenye madini yanapenya katikati yake na kuzigandisha. Tawi hili hupangwa kwa ukubwa wa chembe: zaidi ya milimita 2 ni changarawe, kutoka hapo kushuka hadi karibu milimita 0.06 ni mchanga. Chini yake ni tope laini. Na chini ya milimita 0.004 ni udongo wa mfinyanzi. Tawi la pili ni la kemikali, pale maji yanapokauka na kuacha chumvi zake. La tatu ni la viumbe, yaani magamba na mifupa ya vilivyoishi majini. Bonde la Ufa na majirani zake hutoa bidhaa za matawi yote matatu, na zote zinauzwa, nitazifikia. Jiwe lenyewe la kujengea, hata hivyo, halikubali kutulia kwenye fungu lolote.

Jiwe la kijivu au la manjano linalokatwa kwa mashine pembezoni mwa Nakuru ni jivu la volkeno lililoganda, na wanajiolojia huliita tufu. Menengai, mlima unaouegemea mji kwa upande wa kaskazini, uliporomoka kilele chake na kubaki shimo lenye urefu wa kilomita 12 hivi kwa upana wa 8. Tabaka moja kubwa la jivu lake limepimwa umri wa takriban miaka 36,000, na jivu hilo limetambuliwa umbali wa zaidi ya kilomita 100 kutoka mlimani. Limezaliwa na moto, likatua kama mashapo. Hata vipande vyake hupangwa kwa ukubwa kama vya mtoni: chini ya milimita 2 ni jivu, kati ya 2 na 64 ni lapili, na vinavyozidi hapo ni mabonge. Wataalamu wamebishana sana kuhusu fungu lake. Mnunuzi hana haja na ubishi huo. Anachohitaji kujua ni jinsi jivu lilivyotua.

Na lilitua kwa njia tatu. Pengine lilimiminika ubavuni mwa mlima likiwa wingu zito la moto, likafika bondeni lingali na joto la kutosha chembe zake kulainika na kushikana. Hilo ndilo tufu gumu. Pengine lilirushwa juu angani, likapoa, likanyesha taratibu, tabaka juu ya tabaka. Hilo ni jepesi na limejaa vitundu. Na pengine lilishaanguka, kisha mvua zikalisomba hadi ziwani, likachanganyika na tope. Miaka 10,000 hivi iliyopita Ziwa Nakuru na Ziwa Elmenteita yalikuwa ziwa moja kubwa na lenye kina, kwa hiyo mahali panapoonekana leo kuwa mbali kabisa na maji palikuwa chini ya ziwa. Jivu lililotua humo ni mashapo halisi, na kwa ukuta wa nyumba ndilo dhaifu kuliko yote.

Kuyatofautisha hakuhitaji maabara. Ligonge jiwe kavu kwa nyundo: gumu hulia, laini hutoa sauti iliyozibwa. Liangalie pale lilipokatwa. Michirizi myeusi inayong'aa na iliyolala upande mmoja ni vipande vya pumisi, jiwe la volkeno lenye vitundu, vilivyobapazwa na joto, dalili kwamba jivu lilishikana likiwa la moto. Mistari ya tabaka nyembamba zinazotenganika kwa ukucha ni onyo. Kisha lipime kwa maji, na kipimo hiki ndicho ningekifanya hata kama ningekosa muda wa vingine vyote. Chukua kipande kikavu, kipime kwenye mizani ya duka, kiloweke saa 24, kifute, ukipime tena. Kipande cha kilo 5 kikirudi na kilo 6 kimekunywa asilimia 20 ya uzito wake. Linganisha vipande vya machimbo mawili kwa njia hiyo na utajua zaidi ya atakavyokuambia dalali yeyote wa machimbo.

Unywaji huo wa maji una gharama. Jiwe lenye kiu hufyonza maji ya udongo wa saruji kabla saruji haijashika, na kiungo kinabaki unga. Dawa yake ni kulilowesha jiwe kabla ya kulipanga na kuumwagia ukuta maji kwa siku kadhaa. Katika mitaa inayonunua maji kwa bauza, hiyo ni pesa ambayo haikuwamo kwenye makadirio ya fundi.

Hata hivyo vitundu vina faida yake, na faida hiyo iko barabarani. Chukua jiwe la kawaida la inchi 9 kwa 9 lenye urefu wa inchi 18. Ujazo wake ni karibu mita za ujazo 0.024. Kama ni tufu jepesi la tani 1.6 kwa mita ya ujazo, jiwe moja lina kilo 38. Kama ni jiwe gumu la tani 2.4, lina kilo 57. Lori linalobeba tani 10 kihalali litachukua mawe 263 mepesi, au 175 mazito. Tuseme safari moja ni shilingi 12,000. Nauli inakuwa shilingi 46 kwa jiwe jepesi na 69 kwa jiwe zito. (Bei zote katika makala haya ni za kufanyia hesabu tu, weka zile ulizotajiwa asubuhi hiyo.) Shamba likiwa karibu na machimbo, tofauti hiyo si kitu. Likiwa mbali, kama Subukia au Njoro ndani kabisa, inaweza kumeza punguzo lote ulilopewa.

Sasa tuje kwenye uamuzi unaowasumbua wengi: mawe ya mashine au ya kuchonga kwa mkono? Ya mkono huwa na bei ya chini kwa futi, na mchongaji hodari huyatoa vizuri. Lakini nyuso zake hazinyooki, kwa hiyo viungo vinakuwa vinene. Tupige hesabu ya ukuta wa mita 100 za mraba. Mawe ya mashine yakipangwa kwa kiungo cha milimita 20 yanahitajika kama futi 1,264, na udongo wa saruji mita za ujazo 2.7. Ya mkono yakihitaji kiungo cha milimita 40 yanapungua hadi futi 1,123, kwa kuwa saruji imeshika nafasi ya jiwe, lakini udongo wa saruji unapanda hadi mita za ujazo 5. Kwa mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga nne, ya kwanza inakula mifuko 20 ya kilo 50. Ya pili, 37.

Tuweke bei. Futi ya mashine shilingi 40, jumla 50,560. Futi ya mkono shilingi 28, jumla 31,444. Umeokoa shilingi 19,116, na hapo ndipo wengi hufunga daftari. Lakini mifuko 17 ya ziada kwa shilingi 750 ni 12,750, na mchanga wa ziada, karibu tani 3.75 kwa shilingi 2,000 kila tani, ni 7,500. Jumla 20,250. Ukuta wa bei rahisi umegeuka ghali kwa zaidi ya shilingi elfu moja, kabla ya plasta, ambayo nayo itakuwa nene zaidi kwenye ukuta wenye mashimo na vilima. Hesabu hii haisemi kwamba mawe ya mkono hayafai. Saruji ikishuka bei, au mchongaji akiwa stadi wa kukuwezesha kutumia kiungo cha milimita 25, mambo yanageuka. Kwa ukuta wa shamba usiohitaji plasta, mimi ningenunua ya mkono bila kusita. Kwa nyumba ya kuishi, ningedai kuona mawe kumi yamepangwa chini bila saruji kabla ya kukubali bei.

Wapo wanaoliagiza jiwe la Ndarugo kutoka upande wa Juja, kilomita 190 hivi kutoka Nakuru. Nalo ni tufu, ila lenye chembe zilizolingana na linalochongeka vizuri, ndiyo maana huko Nairobi jiwe hilo huachwa wazi bila plasta. Ulinganifu wa haki basi si Ndarugo dhidi ya jiwe la Nakuru, bali Ndarugo bila plasta dhidi ya jiwe la Nakuru pamoja na plasta na rangi, na kupaka rangi upya kila baada ya miaka michache. Kwa ukuta wa mbele tu wa nyumba, Ndarugo linaweza kujilipia. Kwa nyumba nzima, pamoja na kuta za ndani zitakazopigwa plasta vyovyote vile, ni anasa.

Mambo mawili ya upangaji hayaongezi gharama yoyote, ila huachwa. La kwanza: jiwe lenye tabaka lilale ukutani kama lilivyolala ardhini, tabaka zikiwa mlalo. Likisimamishwa, mvua huingia kati ya tabaka na uso wake hubanduka ganda kwa ganda. La pili: tufu lililotoka machimboni leo lina unyevu wake wa asili na ni laini, hukauka na kuwa gumu zaidi likiachwa wiki kadhaa. Mwenye haraka hununua uzito wa maji na kuulipia nauli. Kwenye msingi na kozi za kwanza, weka jiwe gumu lisilonywa maji na karatasi ya kuzuia unyevu juu yake, hata kama nauli yake inauma. Karibu na Ziwa Nakuru, ambako maji ya ardhini yana chumvi za magadi, sharti hilo lina uzito wa pekee: maji hupanda ndani ya jiwe, hukauka, chumvi huganda kwenye vitundu na kulisukuma jiwe kutoka ndani hadi lianze kupukutika.

Kwa ua na njia za kutembea, madukani utakutana na bamba za Mazeras. Hili ndilo jiwe la mashapo la kitabuni hasa: mchanga wa enzi za kabla ya dinosaria kutamba duniani, ulioganda na kuwa mwamba, na chuma ndicho kinachoupaka wekundu na manjano. Chembe zake ni za kwazi, madini magumu kuliko kisu, ndiyo maana bamba hizo hukanyagwa miaka na miaka bila kulika. Zimesafiri zaidi ya kilomita 600 kutoka nyuma ya Mombasa, na sehemu kubwa ya unacholipa ni dizeli. Nunua kwa mita ya mraba iliyopangwa chini na kupimwa mbele yako, kamwe usinunue kwa rundo, na kataa bamba nyembamba zinazosikika tupu zikigongwa. Jiwe la matumbawe, ambalo kwalo Wareno walijenga Fort Jesus kati ya 1593 na 1596, liachie Pwani. Nakuru halina sababu ya kuja.

Mchanga una hadithi yake, na hapa wanunuzi wa Bonde la Ufa hupoteza pesa nyingi kuliko kwenye jiwe. Mchanga wa mito ya Machakos umetokana na miamba ya kale sana ya mashariki mwa Kenya, yenye kwazi tele. Mvua na mito huondoa kilicho laini na kuacha kwazi. Miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa haina kwazi ya kutosha, kwa hiyo mchanga wake ni mchanganyiko wa chembe za lava, kioo cha volkeno na pumisi. Kwa kujengea ukuta unafaa ukiwa safi. Kwa zege ya slabu, pumisi ni tatizo: ni nyepesi, inakunywa maji, na inavunjika. Utie mchanga kwenye ndoo ya maji uone. Vinavyoelea ni pumisi, na vikiwa vingi usinunue kwa ajili ya slabu hata ukipewa kwa nusu bei.

Kipimo cha pili kinataka chupa ya plastiki isiyo na rangi. Ijaze mchanga nusu, ongeza maji na chumvi kidogo, itikise kwa nguvu, iweke mahali tulivu. Utaona kazi ya ziwa zima ikifanyika mezani: mchanga unatua kwa sekunde, tope laini kwa dakika, na udongo wa mfinyanzi unabaki ukiyachafua maji kwa saa nyingi. Baada ya saa tatu pima tabaka la tope lililo juu ya mchanga. Likizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga, una mawili: uoshwe, au urudi ulikotoka. Tani ya shilingi 1,600 yenye tope asilimia 15 inakuuzia kilo 850 tu za mchanga, yaani karibu shilingi 1,880 kwa tani halisi, na bado tope hilo litaidhoofisha saruji. Mchanga wa shilingi 1,900 ulio safi ulikuwa karibu bei hiyohiyo, bila hasara ya nyufa.

Kuhusu saruji nitasema machache. Msingi wake ni mawe ya chokaa, iwe matumbawe ya kale ya Bamburi au chokaa ya Kajiado, yaliyochomwa pamoja na udongo kwenye joto la nyuzi 1,450 hivi. Soma maandishi madogo ya mfuko. CEM I ni karibu klinka tupu, yaani mchanganyiko huo uliochomwa. CEM IV/B imechanganywa na posolana asilimia 36 hadi 55, na posolana ya Kenya kwa kawaida ni jivu la volkeno. Kwa hiyo jivu ambalo ungelipuuza njiani limo ndani ya mfuko wako, nalo si udanganyifu; Warumi walijengea bandari kwa mchanganyiko wa jamii hiyo. Mchanganyiko huo hushika polepole, basi hutaka maji siku zaidi. Namba ya nguvu 32.5 inatosha kwa kuunganisha mawe na kwa plasta. Kulipia 42.5 ili kuunganisha tufu lililo laini kuliko saruji yenyewe ni kutupa pesa. Iweke hiyo kwenye slabu, mihimili na nguzo.

Ikiwa bado hujanunua ploti, kuna gharama moja inayozidi zote hizi. Machi 2018, wakati wa mvua kubwa, ardhi ilipasuka karibu na Suswa na kuikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Vyombo vya habari vya dunia vilitangaza kwamba Afrika inagawanyika. Wanajiolojia wengi walitoa maelezo ya kawaida zaidi: maji yalikuwa yamechimba njia ndani ya jivu lililolegea chini ya ardhi, na paa la njia hiyo likaporomoka. Jivu la namna hiyo limejaa sehemu nyingi za bonde. Ploti ya bei nafuu juu yake inaweza kudai msingi wa kina mara mbili. Chimba shimo la futi sita kabla ya kulipa, umwage ndoo kadhaa za maji, urudi kesho yake uone kuta zake zimesimama au zimemong'onyoka. Vibarua wa nusu siku ni rahisi kuliko wakili.

Wakulima wa Njoro, Molo na Mau Narok wana ulinganisho wao wa mashapo: chokaa ya shamba. Udongo wenye pH chini ya 5.5 huyafungia mahindi fosforasi, na mbolea ya gharama inalala bure. Dukani kuna chokaa ya mawe yaliyosagwa, chokaa ya dolomaiti, na chokaa iliyochomwa. Usilinganishe bei ya mfuko. Linganisha nguvu ya kupunguza asidi. Kalsiamu kabonati safi imepewa 100, dolomaiti safi 109, chokaa iliyochomwa na kuzimwa kwa maji 136, na iliyochomwa bila kuzimwa 179. Mfuko wa kilo 50 wa chokaa iliyosagwa wenye nguvu 85 unakupa sawa na kilo 42.5 safi. Ukiwa shilingi 500, kila kilo yenye kazi ni kama shilingi 12. Mfuko wa kilo 25 wa chokaa iliyozimwa wenye nguvu 130 unakupa 32.5, kwa shilingi 900 ni karibu 28 kwa kilo. Ya pili hufanya kazi haraka, lakini huunguza ngozi na mbegu. Kwa mkulima anayepima udongo wake mapema na kutia chokaa kabla ya mvua, iliyosagwa laini ndiyo ya kununua. Chenga nene usizilipie bei ileile. Zitachukua miaka kuyeyuka.

Ajabu ni kwamba chokaa maarufu ya Koru, katika kaunti ya Kisumu, haikutokana na magamba ya baharini. Inachimbwa kwenye kilima cha kabonatiti, mwamba adimu wa volkeno ambao magma yake ilikuwa na kabonati. Shambani inafanya kazi ileile. Na inapita jaribio lilelile, ambalo kila mnunuzi anapaswa kulijua: dondoshea unga siki au maji ya ndimu. Kabonati hutoa povu mara moja. Dolomaiti hutoa povu polepole. Unga wa tufu au diatomaiti hautoi kitu, na anayekuuzia huo kwa jina la chokaa unajua la kumwambia.

Diatomaiti nayo ni ya kwetu kabisa. Kariandusi, kando ya barabara ya Nakuru kwenda Nairobi karibu na Gilgil, kuna mashimo meupe yanayoumiza macho mchana, jirani na mahali ambapo Louis Leakey alipata mashoka ya mawe ya watu wa kale mwishoni mwa miaka ya 1920. Weupe huo ni magamba ya silika ya mimea midogo isiyoonekana kwa macho, iliyoishi katika ziwa la zamani. Unga wake ukichanganywa na mahindi hukwangua nta ya ngozi ya dumuzi na kumkausha. Hauna sumu ya kemikali, na wadudu hawauzoei kirahisi. Dhidi ya dawa za unga za dukani, faida yake ni hiyo. Dhidi ya magunia yasiyopitisha hewa, hasara yake ni vumbi na nafaka kupoteza mng'ao sokoni. Mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5 hayataokolewa na unga huo. Nunua tu ulioidhinishwa na Bodi ya Kudhibiti Viuatilifu. Diatomaiti iliyochomwa kwa ajili ya vichujio vya viwandani ina silika ya fuwele, ambayo ikivutwa huharibu mapafu. Vaa barakoa hata kwa ile salama. Familia inayoweka magunia kumi kwa chakula chake, ningeishauri ianze na gunia lisilopitisha hewa, linalotumika tena msimu ujao kama halijatoboka.

Tawi la kemikali linauzwa sokoni kwa mabonge, kwenye vikaratasi vya shilingi chache: magadi. Ziwa Magadi, kusini mwa bonde, halina mto wa kulitoa maji. Maji huingia yakiwa na chumvi za miamba ya volkeno, jua linayakausha, na trona, yaani magadi hayo, inabaki. Imekuwa ikichimbwa kibiashara tangu 1911. Jikoni inalainisha githeri na mboga kwa muda mfupi, na kwa anayepikia mkaa au gesi hilo ni punguzo la kweli. Lakini inaua sehemu ya vitamini B1, inaongeza sodiamu, na trona ya Magadi ina floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floridi kwa lita ya maji ya kunywa, na visima vingi vya Nakuru hukipita, jambo linaloonekana kwenye meno ya watoto. Nyumba inayokunywa maji ya kisima haina nafasi ya floridi nyingine sufuriani. Maharagwe yakilowekwa usiku kucha na maji hayo kumwagwa, muda wa kupika hupungua sana bila senti yoyote ya ziada. Anayeona hayatoshi anunue baikaboneti ya kupikia, ghali kidogo kwa gramu, na atie nusu kijiko cha chai kwa sufuria nzima.